Maji ya Mzazi

Alasiri hiyo moto wa jiko la mafuta ya taa ulipanda sawasawa, wa samawati, na Mjaka akacheka peke yake uani.

Jiko lenyewe kuukuu, la mnadani. Mwaka mzima skurubu ya utambi ilikuwa imekwama. Siku tatu aliisugua kwa ndimu na mchanga, hata kucha zikawa za kijani kwa kutu ya shaba. Mwanawe wa pekee amerudi kwao kujifungua, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, na mzazi aliyejifungua hukandwa mwili kwa maji ya moto siku arubaini nzima.

Mkunga, aliyekuwa ndani na binti tangu asubuhi, akatokea mlangoni.

"Njoo uone, bibi!" Mjaka akamwita. "Nshalitengeneza! Maji yanatokota, atakandwa mpaka aseme basi!"

Bibi hakulitazama jiko. Mkononi alishika majani ya mkunazi.

"Punguza moto, mwanangu," akasema. "Tunataka ya vuguvugu."

Mjaka aliyatazama yale majani. Mzazi hakandwi kwa maji ya vuguvugu; wa kuoshwa kwa vuguvugu na mkunazi ni maiti.

"Na mtoto?"

"Wote wawili."

Mjaka akapeleka mkono kwenye skurubu. Ikageuka kwa kidole kimoja tu, laini, bila kukwama.