Kware na Barua ya Kenge

Hapo kale Kware alitunga shairi huku akiatamia mayai yake, akampelekea Kenge, aliyejiita mchapishaji. Jibu likaja upesi: "Shairi lako limenitoa machozi. Nitalitia kitabuni. Gharama ni mayai manne tu."

Kware hakuwahi kusifiwa maishani mwake. Akainuka, akaanza kuyafunga mayai kwa majani.

Jirani yake Chura, asiyejua kumung'unya maneno, akamwambia, "Subiri kidogo, dada. Acha na mimi nimpelekee shairi."

Akaandika "kro, kro, kro" mistari minane, akapeleka. Jioni akaleta jibu, wakalisoma pamoja: "Shairi lako limenitoa machozi. Nitalitia kitabuni. Gharama ni mayai manne tu."

Kware akayafungua mayai yake, akarudi kuyalalia. "Ningewapeleka wanangu tumboni mwa Kenge kwa miguu yangu mwenyewe," akasema. "Ahsante sana, ndugu yangu."

"Haya, nisomee hilo shairi," Chura akajibu.

Kware akasoma. Chura akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ubeti wa pili umemgusa, ila wa tatu unachosha. Kware akamshukuru tena, akaanza kuurekebisha papo hapo, bila kutoka kiotani.