Nyumba ya Aliyetia Saini

Sheria haina maneno mengi: afisa wa jiji akitia saini kibali cha jengo, atahamia ghorofa ya chini ya jengo hilo na mke na watoto wake, na atakaa humo miaka kumi. Akihama kabla, ni jela. Mume wangu, Luhende, alitia saini kibali cha jengo hili la ghorofa kumi na moja. Huu ni mwaka wa tatu.

Wapangaji hawasomi ripoti za wahandisi, wanatusoma sisi. Nikianika magodoro tu, jengo zima linachungulia.

Jumatatu mlango wetu ulikataa kufunga. Luhende akaupiga randa, akasema ni unyevu. Leo umekataa tena. Randa hakuigusa. Aliingia chumbani akawavalisha mapacha viatu, nao ndio kwanza wamelala usingizi wa mchana.

"Uliukagua msingi?" nikamuuliza.

"Mwenye jengo alikuwa na haraka."

"Luhende, uliukagua?"

Akazidi kukaza kamba za viatu.

Punde Mama Koku wa ghorofa ya tisa akabisha hodi, eti anaomba chumvi.

"Shoga, tuko salama humu?"

"Salama kabisa. Hata watoto wamelala."

Nikausukuma mlango, ukagoma. Kwenye ule mwanya Mama Koku akaona hadi chumbani: miguu ya wanangu kitandani, imevaa viatu.

Hakungoja chumvi. Nilimsikia akipanda ngazi mbio akimwita Koku, na kila alipokanyaga, ukuta wetu ulidondosha vumbi.