Maktaba Mbili, Nyumba Moja

Enzi hizo kila maktaba ya chuo kikuu ilikuwa na Kipimo, mtambo uliofuatilia kila kiti, taa na kitabu ili kujua kama vinatumika au vimekaa bure. Mwisho wa mwaka maktaba iliyoshindwa ilifungwa, na vyote vilivyomo vikahamia kwa mshindi.

Mashauri na mkewe Nyamizi walikuwa wakuu wa maktaba mbili za mji mmoja. Nyamizi akirudi jioni akiimba, Mashauri alijua ameongoza tena, na alikula bila hamu.

"Mume wangu, hata hongera hunipi?"

"Hongera," alijibu, macho kwenye sahani.

Wivu ukamzidi. Akawatuma binamu zake wakajaze viti vya Nyamizi, wawashe taa zote, na wasisome hata ukurasa mmoja. Kipimo kikahesabu viti na taa hizo kuwa vinapotezwa bure, alama za Nyamizi zikaporomoka, na mwisho wa mwaka maktaba yake ikafungwa.

Vitabu vyake vikahamia kwa Mashauri. Nyamizi naye akaja navyo, maana sheria ilimhesabu kuwa rasilimali ya maktaba. Haikupita wiki, wasomaji wote wakawa wanamkimbilia yeye. Mashauri aliwatazama kupitia kioo cha ofisi yake, roho ikimuuma upya.

Siku moja Kipimo kikatangaza mbele yao wote wawili: "Maktaba hii ina wakuu wawili. Mmoja anatosha. Upimaji unaanza kesho."

Nyumbani, Nyamizi alipakua ugali, akaketi mkabala na mumewe.

"Kula, mume wangu," alisema kwa upole. "Kesho tuna kazi."

Mashauri akautazama mkono wa mkewe ukimega tonge, upesi, bila kudondosha hata chembe, kama mtu ambaye tayari anapimwa.