Kitambaa cha Mama Mkwe

Tangu kiwanda kiniachishe kazi nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi, kwa raha zangu tu. Sheria kila mtu anaijua: asiye na ajira akifanya jambo moja siku thelathini mfululizo, hilo linakuwa kazi yake ya maisha. Kwa hiyo kila ikifika siku ya thelathini nilifungia sindano kabatini, nikakaa mikono mitupu hadi kesho yake.

Mwezi huu, siku hiyohiyo, mume wangu Chande aliniletea sindano mwenyewe.

"Mama Tausi, malizia pindo la hiki kimoja tu, nimpelekee mama. Nani atajua?"

Nikamalizia. Ni mama mkwe, ningekataaje?

Leo imekuja barua ya serikali: nifume vitambaa mia nne kila mwezi, mpaka nizeeke. Kitambaa cha mama mkwe kimebanwa humo kwa pini, kama ushahidi.

"Ulikuwa unakaa bure," Chande akasema bila kunitazama. "Angalau sasa una kazi."

Akaketi, akaegemeza kichwa kwenye kitambaa changu cha kwanza kabisa, chenye maua ya waridi, akauliza kama chai iko tayari.

Nikamwambia ajipikie. Mimi niko kazini.