Kanda za Unyago

Kanda za nyimbo za unyago zilikuwa zimeanza kuota ukungu, na Siwema, mtafiti aliyezirekodi, alitaka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijafa. Kwanza akamwendea Bi Tabu, mwimbaji pekee aliyebaki hai, kumwomba ruhusa.

"Huko kwenye kompyuta wanaume hawatasikia, mwanangu?"

"Nitaziwekea nywila, bibi. Wataipata wanawake tu."

"Hebu tusikie kwanza." Bi Tabu akamgeukia mumewe. "Wewe mzee, nje! Haya hayakuhusu."

Mzee akatoka akinung'unika. Mlango ukafungwa, Siwema akabonyeza kitufe cha redio ya kaseti, kanda ikaanza kuimba.

Mara wakamsikia mzee akifagia uani. Ufagio ulikwenda sawasawa na ngoma, na kila wimbo uliposita kidogo, nao ukasita papo hapo, kama wa mtu aliyezijua nyimbo hizo zamani.

Siwema akamtazama Bi Tabu, kidole kikiwa bado juu ya kitufe.