Kelele za Dizeli

"Liendeshe mpaka kule kwenye kona, fundi, halafu urudi polepole. Ukifika getini usipige honi."

Mama akaugeukia ukuta wa yadi ya magari, akafumba macho.

Fundi alikuwa amewakagulia watu magari miaka na miaka, na vituko vya wateja alishaviona: wanaopiga matairi mateke, wanaonusa viti, hata mmoja aliyejilaza kiti cha nyuma akapitiwa na usingizi. Wa kulisikiliza gari huku ameupa ukuta uso, huyu alikuwa wa kwanza. Lakini kazi ni kazi, na aliyemwita ni mume wa huyu mama, na mume huyo alikuwa bado njiani. Magari yenyewe yalikuwa mawili, yote makubwa, ya kuvuta kwa magurudumu manne: moja la petroli, moja la dizeli. Akaingia kwenye la petroli, akaenda, akarudi, akazima injini.

Mama alikuwa bado amefumba macho.

"Nimesharudi, mama."

Alishtuka mpaka mkoba ukamponyoka. "Umerudi saa ngapi?"

"Sasa hivi. Petroli hiyo, mama. Inaingia kama paka."

Hakucheka. "Jaribu lile jingine."

La dizeli lilianza kusikika tangu kwenye kona, likikohoa na kunguruma, vioo vya ofisi ya yadi vikitetemeka. Halijafika hata nusu ya njia, mama akawa ameshafumbua macho. Mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hili," alisema. "Hata iweje, tuondoke na hili."

"Mlimani halina mpinzani," fundi alikubali. "Ila hizo kelele! Na watoto mnao."

"La zamani lilikuwa hivihivi. Tulikuwa tunalisikia likiwa bado chini kabisa ya mlima. Nikilisikia napata nafasi ya kuweka mambo sawa. Baba watoto akiingia, anakuta chai ya moto mezani."

Fundi alimwonea wivu mume huyo, wala hakujificha. Yeye kwake angeweza kuingia na treni sebuleni na mtu asinyanyue kichwa.

"Tatizo ni kwamba anataka petroli," mama aliendelea. "Wiki nzima wimbo ni huo. Akija, usimwambie kwamba nimelipenda hili."

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Usimwambie tu, fundi. Nakuomba."

Mume alifika akiwa na bashasha tele. Akamshika fundi bega, akawasalimia waosha magari mmoja mmoja, akawaagizia soda. Mtu wa watu kwelikweli. Kila mtu pale yadi alikuwa ameshaanza kutabasamu kabla hajauliza chochote.

"Haya, mama watoto. Umechagua lipi?"

"Mimi ningechukua petroli," mama alijibu haraka, akiangalia chini. "Kimya chake kizuri. Hata kaka analo kama hilo, analisifu sana."

Fundi alifungua mdomo. Akakutana na macho ya mama, akaufunga.

"Kaka yako," mume alisema. Tabasamu lilibaki mdomoni tu. Akalizunguka lile la petroli, akapitisha kidole kwenye rangi kama anayetafuta vumbi. "Siku hizi kaka yako ndiye anayejua magari."

Mume akacheka, akamgeukia fundi. "Wanawake, bwana. Hebu sema wewe mtaalamu. La kiume ni lipi?"

Fundi alikosa raha. Kwa haki ya kazi, lile la petroli ndilo lililokuwa na injini safi. La dizeli lingehitaji nozeli mpya, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, kabla ya safari yoyote. Akamtazama mama, aliyekuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Kwa mlima wenu ule, mzee, ni dizeli," alisema, na huo haukuwa uongo. "Ila gari la mtumba ni kama kitanda: usichokilalia hujui kunguni wake. Niachieni nilishughulikie kwanza, nitawaletea nyumbani."

"Dizeli, basi," mume alikata shauri.

"Sawa, baba watoto," mama alisema kwa unyonge. "Wewe ndiye unayejua."

Fundi akacheka kimoyomoyo. Mwanamke ana akili huyu, na yote hayo kwa ajili ya chai ya mume.

Alipomaliza kulitengeneza, alilipeleka mwenyewe, mchana, mume akiwa kazini. Alipofika chini ya mlima, injini ameizima kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, aliiona nyumba kule juu. Watoto watatu walikuwa wakikimbizana uwanjani na mpira, muziki wa redio ukimfikia kwa mbali, na mama yao, peku, akicheka huku ameshika mbavu. Fundi akafurahi. Nyumba yenye amani haihitaji kutangazwa. Akawasha injini, akakanyaga mafuta, dizeli ikanguruma, na nyumba ikafichwa na miti.

Alipotokea getini uwanja ulikuwa mtupu. Mpira haukuonekana. Redio ilikuwa kimya. Vumbi la michezo lilikuwa halijatua bado, na kandambili moja ndogo ilikuwa imesahauliwa kwenye ngazi.

Mama alitoka mlangoni amevaa viatu, nywele amezibana, mkononi kikombe cha chai ya moto kwenye kisahani chake. Akatazama kiti cha dereva. Akatazama cha pembeni. Akatazama barabara nyuma ya gari.

"Uko peke yako?"

"Peke yangu, mama. Mzee yuko kazini bado."

Akakiweka kikombe chini, akageuka, akaita kuelekea ndani:

"Tokeni uvunguni, wanangu. Si baba."