Neno la Kumrudisha Bosi

Mdogo mtu alimwaga viatu vinne mezani kwa kaka yake, vidogo kama vya mtoto wa mwaka mmoja, akaanza kuvipima kimoja kimoja kwenye mzani wa jikoni.

"Vya Bosi," alisema. "Siku kumi na mbili za mawe na miiba, kaka. Nyayo zake zitachunika."

Kaka mtu alivitazama. Miaka mitano alikuwa amekaa na Bosi, tangu mbwa huyo akiwa wa kubebwa kwenye kapu, na hakuwahi kumvisha hata soksi. Yeye, mkufunzi mstaafu wa mbwa wa ulinzi, mtu aliyeogopwa na mbwa na wenye mbwa, alikuwa anamwonea wivu mdogo wake, muuguzi aliye likizo!

Goti ndilo lililomponza. Alipopasuliwa, dada yake huyu wa ng'ambo ya barabara alimchukua Bosi. "Wiki mbili tu, kaka, upone." Wiki mbili zikazaa miezi minane. Goti lilipona, gongo likatupwa, lakini kila alipogusia habari za mbwa, mdogo wake alimwongezea chai na kubadilisha mazungumzo. Kusema waziwazi "nirudishie" aliona haya.

Sasa meza nzima ilikuwa safari ya porini: ramani, kamba, vidonge vya kusafishia maji. Chakula cha Bosi kilikuwa kwenye vifuko kumi na viwili, kila kimoja na tarehe yake. Hema lilikuwa la kulala wawili.

"Atalala ndani?"

"Sasa alale wapi, kaka? Nje aliwe?"

Kwake Bosi alilala barazani, juu ya gunia, na hakulalamika. Leo hata kuja kumsalimia hakuja. Mdogo mtu alisema amemwacha kitandani.

"Kimebaki kibali tu," aliendelea mdogo mtu. "Jumamosi saa tatu, askari wa hifadhi watampima uwanjani, nyuma ya ofisi yao. Wanamwachia, anakwenda mbali, namwita kwa neno moja. Akija, tumepita. Akinikaidi, haingii porini. Na mimi bila Bosi siendi, nakwambia kweli." Akashika kalamu. "Wewe ndiye uliyemfunza. Neno la kumwita ni lipi?"

Hapo shetani akavuta kiti, akaketi nao. Maneno ya Bosi kaka mtu aliyachagua mwenyewe, maneno ambayo mwizi hawezi kuyabahatisha, na hakuwahi kumwambia mtu. "Sabuni" ilikuwa njoo kwangu. "Kofia" ilikuwa nenda nyumbani mbio, acha kila kitu, usigeuke nyuma.

"Kofia," alisema.

Mdogo mtu aliandika, akapigia mstari.

"Ila usimjaribu nalo kabla ya Jumamosi," kaka mtu akaongeza, sauti ya kitaalamu kabisa. "Likizoeleka linapoteza makali."

"Mungu akuweke, kaka yangu. Bila wewe ningeumbuka."

Jumamosi kaka mtu aliamka mapema. Alichemsha maini, akafagia baraza, akatandika gunia jipya. Saa tatu kasoro alitoa kiti langoni, akaketi. Dhamiri ilimsumbua kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko dhamiri. Dada yake angelia siku moja, siku mbili, angeweka vifuko vyake kabatini, yakaisha. Na nani angemlaumu mbwa kwa kurudi kwa mwenyewe?

Saa tatu na dakika ishirini vumbi lilitimka mwisho wa mtaa. Bosi huyo! Alikuja masikio nyuma, tumbo karibu liguse ardhi, mbio za mbwa aliyefunzwa akafunzika. Kaka mtu aliinuka, akatoka hadi katikati ya barabara, akachuchumaa hivyo hivyo na goti lake lililopasuliwa, akafungua mikono.

"Bosi wangu! Njoo, baba, njoo!"

Bosi alimkwepa bila kupunguza mwendo, akakata barabara, akajitupa mlangoni kwa mdogo mtu.